Mlango wa Pili wa Tumbo la Baba

Baba alikuwa na mstari tumboni. Ulianzia chini kidogo ya kidari, ukashuka wima hadi karibu na kitovu, kisha ukakikwepa kwa upande wa kushoto kama mtu anayekwepa dimbwi. Pembeni mwake kulikuwa na alama ndogo za nyuzi. Siku moja ya joto, alipolala kifua wazi kwenye mkeka uani, sisi watoto tulizihesabu: kumi na nne upande mmoja, kumi na tatu upande wa pili. Baba alikuwa fundi cherehani, na hesabu ile haikumpendeza. "Aliyenishona hakupima," alisema, akavuta shati.

Alipasuliwa mwaka 1983, akiwa na umri wa miaka 42. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Morogoro, naye alikuwa akishona kwenye baraza la duka la vitambaa. Vidonda vya tumbo alikuwa navyo kwa zaidi ya miaka kumi, na miaka hiyo naikumbuka kwa sauti zaidi kuliko kwa sura: mlango wa chumba chao ukilia saa nane za usiku, kopo likigongana na sufuria, Baba akitafuta kiporo cha kutuliza maumivu. Mchana alitafuna vidonge vyeupe vya magnesiamu, midomo ikabaki na unga kama wa chaki. Mwanzoni mwa mwaka huo maumivu yakageuka kuwa kutapika. Alikula mchana, akatapika usiku, na kilichotoka kilikuwa chakula cha jana yake. Alikonda hadi akazipunguza mara mbili suruali alizojishonea mwenyewe.

Kila mtu alikuwa na sababu yake. Zahanati walisema tindikali imezidi, tena ana mawazo mengi. Anywe maziwa, aache maharage, ndimu, chai ya rangi na pilipili. Majirani walikubaliana na zahanati kuhusu mawazo, wakabishana tu ni mawazo gani. Shangazi, dada yake mkubwa Baba, alikuja kukaa nasi wiki tatu wakati Baba yuko wodini. Yeye hakuwa na shaka. Mama ni mtu wa Pangani, na mikono yake ilizoea nazi na pilipili mbuzi. Jioni moja Shangazi alisema, kwa sauti ya kutosha kufika jikoni, "Mdogo wangu hakuwa na ugonjwa huu kabla ya kuoa."

Mama hakujibu. Asubuhi yake nilimkuta nyuma ya jiko akiung'oa mche wa pilipili, mizizi na udongo wake, kama mtu anayeng'oa magugu. Toka siku hiyo pilipili haikuingia tena nyumbani kwetu.

Ilikuwa miaka ya foleni za sukari na sabuni. Ndugu walipeleka hospitalini shuka, sabuni na mafuta ya taa, na wawili wao wakatoa damu. Kabla ya upasuaji daktari alimwita Mama, akachukua karatasi na kumchorea. Alichora mfuko wa chakula kama kiriba. Akachora mlango wake wa chini, unaoingia kwenye duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba, akausugua kwa kalamu mpaka ukawa mweusi: umezibwa na makovu. Kisha akachora utumbo ukipandishwa juu na kuunganishwa na kiriba. "Tutamtobolea mlango wa pili," alimwambia. Mwisho akachora nyuzi mbili zinazoshuka kutoka shingoni na kuzikata kwa alama ya mkasi. "Na hizi ndizo zinazoamuru tindikali imwagike. Tutazikata."

Mama aliikunja ile karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ndoa.

Baba alipona. Hakutapika tena, akanenepa kiasi chake, akarudi kwenye cherehani. Ila mlango wa pili ulikuwa na tabia zake. Akinywa chai yenye sukari nyingi, au akila haraka na kushushia kwa maji, jasho lilimtoka, moyo ukamwenda mbio, ikabidi alale nusu saa. Nyumbani tuliita "chai imempiga". Baadaye nilijifunza kwamba mlango wa asili hufungua na kufunga, hupitisha chakula kidogo kidogo. Ule wa kushonwa hauna bawabu; chakula humiminika utumboni kwa mkupuo, na mwili hushtuka.

Mwaka 2009 ikawa zamu yangu. Nilikuwa mwalimu wa historia Dar es Salaam, nikaanza kuamka saa nane za usiku kutafuta kiporo. Nilipopishana na kabati gizani nilijitambua: huyu ni Baba. Nikapimwa kwa kamera, ule mpira mwembamba unaoshuka kooni. Daktari kijana akaniambia nina kidonda kwenye duodeni, na kipande cha nyama walichokitoa kimeonyesha bakteria. Akaniandikia antibiotiki za aina mbili na dawa ya kupunguza tindikali, siku 14. Nikatoka na dawa zangu ndani ya bahasha ya kaki. Baada ya wiki chache nilikuwa mzima.

Badala ya kushukuru, nilikasirika. Ugonjwa ule ule. Mimi nimepewa bahasha, Baba alipewa kisu. Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza jambo lilianza lini na nani alikuwepo, nikaanza kusoma. Nilikuwa natafuta wa kumlaumu.

Nilianza na lile neno "mawazo". Mwaka 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana mmoja aliyefanya kazi katika biashara ya ngozi, Alexis St. Martin, alipigwa risasi ya bahati mbaya kwa karibu sana. Alipona, lakini tundu la tumbo lake halikuziba. Lilibaki kama dirisha. Daktari wa jeshi aliyemtibu, William Beaumont, akaligeuza dirisha lile kuwa maabara. Alifunga vipande vya nyama kwenye uzi wa hariri, akavitumbukiza, akavitoa baada ya saa kadhaa kuona vimeyeyuka kiasi gani. Mwaka 1833 alichapisha kitabu chenye majaribio zaidi ya 200. Ndiye aliyeonyesha kwamba tumbo halisagi chakula kama kinu tu, bali hukiyeyusha kwa maji yake yenye tindikali. Aliona pia kwamba St. Martin akikasirika, kazi ya tumbo huvurugika. Aliloona lilikuwa kweli. Lakini toka kuona kwamba hasira husumbua tumbo, hadi kusema kwamba mwenye vidonda amejitakia kwa mawazo yake, ni safari ndefu, na watu waliifupisha.

St. Martin alifariki mwaka 1880. Ndugu zake waliuacha mwili uoze kwanza, kisha wakauzika chini sana, ili madaktari wasije kuuchukua na kulichungua tena lile tumbo. Niliposoma hapo nilifunga kitabu kwa muda. Nilielewa hasira ya ile familia.

Mwaka uliofuata, tarehe 29 Januari 1881, huko Vienna, Theodor Billroth alimpasua mama wa miaka 43 aitwaye Therese Heller, aliyekuwa na saratani kwenye mlango wa chini wa tumbo. Naye alikuwa anatapika kila anachokula. Kabla yake, Jules Péan kule Paris mwaka 1879 na Ludwik Rydygier mwaka 1880 walijaribu upasuaji wa aina hiyo, na wagonjwa wao wote wawili walifariki. Billroth hakubahatisha: wanafunzi wake walikuwa wamefanya majaribio kwa mbwa kwa miaka kadhaa, kuhakikisha kwamba tumbo lililokatwa na kushonwa linaweza kupona bila kuyeyushwa na tindikali yake lenyewe. Alikata sehemu yenye saratani, akaunganisha sehemu iliyobaki na duodeni. Therese Heller aliamka, akala, akarudi nyumbani. Aliishi takriban miezi minne, kisha saratani ikamrudia. Kwa mtu aliyekuwa anakufa kwa njaa mbele ya sahani iliyojaa, miezi minne ya kula si midogo.

Septemba mwaka huo huo, msaidizi wa Billroth, Anton Wölfler, alimfungua mgonjwa mwingine, akakuta saratani imeenea na haiwezi kuondolewa. Badala ya kumfunga na kumwacha hivyo, aliuchukua utumbo mwembamba, akaushona kwenye tumbo ili chakula kipite pembeni ya pale palipoziba.

Nilisimama hapo pia. Huo ndio ulikuwa mchoro wa Mama. Ule mlango wa pili wa Morogoro ulikuwa umechorwa mara ya kwanza Vienna, miaka 102 kabla.

Zile nyuzi mbili nazo zilikuwa na safari yake. Mwaka 1910 Karl Schwarz alitoa kanuni iliyotawala karne nzima: pasipo tindikali, kidonda hakipo. Mwaka 1915 Bertram Sippy wa Chicago akaeneza tiba ya kunywa maziwa na malai kila saa, pamoja na dawa za kuizimua tindikali. Ndiyo maziwa yaliyofika hadi zahanati yetu, ingawa maziwa hutuliza kwa muda tu, kisha tumbo hujibu kwa tindikali zaidi. Mwaka 1943, Chicago hiyo hiyo, Lester Dragstedt akaanza kukata neva za vagasi, zinazoshuka kutoka kwenye ubongo na kuliamuru tumbo litoe tindikali. Vidonda vilipona. Lakini neva hizo pia huliamuru tumbo lisukume chakula, kwa hiyo ukizikata huna budi kutoboa njia nyingine. Mlango wa Wölfler na mkasi wa Dragstedt vikawa mtu na ndugu yake. Baba alivibeba vyote viwili.

Mwaka 1976 dawa ya simetidini, iliyotokana na kazi ya James Black, ilianza kuuzwa Uingereza. Ilipunguza tindikali bila kisu, na wapasuaji wa nchi tajiri wakaanza kuona foleni zao zikipungua. Kasoro yake ni kwamba mgonjwa akiiacha, kidonda mara nyingi hurudi. Moto ulikuwa umefunikwa na jivu. Aliyeuwasha hakuwa ametajwa.

Mwaka 1979, katika mji wa Perth huko Australia, daktari wa maabara Robin Warren aliona bakteria waliopinda kwenye vipande vya nyama ya tumbo. Wengi waliamini hakuna kinachoweza kuishi ndani ya tindikali ile. Alijiunga naye daktari kijana, Barry Marshall, wakajaribu kuwaotesha. Sampuli zaidi ya 30 zilishindwa. Visahani vilikuwa vikitupwa baada ya siku mbili. Kisha ikaja Pasaka ya mwaka 1982. Watu wa maabara walikwenda likizo, kisahani kikasahaulika kwa siku kadhaa, na waliporudi walikuta bakteria wameota. Hawakuwa wagumu kuota. Walikuwa wa polepole.

Barua zao mbili zilichapishwa katika jarida la Lancet mwezi Juni 1983. Baba alilazwa mwezi Agosti.

Sijui nilikaa muda gani nikiitazama tarehe ile. Miezi miwili. Jina la adui yake lilikuwa limeshaandikwa kwenye karatasi, bara jingine, wakati Shangazi anamnong'oneza kila mtu jina la Mama.

Lakini kuandikwa si kuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall, kwa kuchoka kubishana, alikunywa mwenyewe kikombe cha bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kutapika, na kamera ikaonyesha tumbo limevimba na bakteria wamejaa. Ilifika mwaka 1994 ndipo jopo la wataalamu la Marekani liliposema wazi kwamba mwenye kidonda na bakteria hawa apewe antibiotiki. Mwaka 2005 Warren na Marshall walipata tuzo ya Nobel. Na kabla yao wote alikuwepo daktari wa Ugiriki, John Lykoudis, aliyewatibu wagonjwa wake kwa antibiotiki tangu mwaka 1958. Hakuweza kuwashawishi wenzake. Mwaka 1968 alitozwa faini.

Jambo moja lilinichekesha na kunitia uchungu kwa pamoja. Mwaka 2007 watafiti walilinganisha vinasaba vya bakteria hawa kutoka pande nyingi za dunia, wakahitimisha kwamba walisambaa pamoja na binadamu kutoka Afrika Mashariki, yapata miaka 58,000 iliyopita. Hatukuletewa na meli. Ni mwenyeji wetu, mzee kuliko lugha tunayoitumia kumtaja, na ndani ya watu wengi hukaa kimya maisha yote. Kutafutwa kwake kulifanyika Perth.

Nilikuwa na hoja yangu imekamilika: Baba alipasuliwa bure. Mwalimu mwenzangu akanipeleka kwa mjomba wake, mzee aliyefanya kazi ya upasuaji miaka mingi kabla ya kustaafu. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba aone ile karatasi ya Mama. Aliifungua taratibu kwenye meza, akavaa miwani.

"Amechora vizuri," alisema. "Baba yako alikuwa anatapika chakula cha jana?"

"Ndiyo, Mzee."

"Basi mlango ulikuwa umeshazibwa. Kovu la miaka kumi. Mwanangu, ule mdudu ukimuua leo, kovu linabaki. Hata mimi leo, mgonjwa akija katika hali ile, huenda ningemchorea mchoro huu huu. Bila yule daktari, ungemzika baba yako mwaka ule."

Nikamuuliza, basi kosa lilikuwa wapi.

"Tafuta kwenye ile miaka kumi ya kabla," akasema. "Na hapo hatukujua. Mimi mwenyewe nimewaandikia maziwa watu wangapi?" Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Aliniambia pia nisidhani kisu kimestaafu pamoja naye. Upasuaji wa kupanga kwa ajili ya vidonda ndio uliopungua. Kidonda kikitoboka, mgonjwa hufika usiku tumbo limekakamaa kama ubao, na hakuna kidonge cha kumsubirisha. Tundu hufunikwa kwa kipande cha mafuta ya ndani ya tumbo, kwa njia iliyopewa jina la Roscoe Graham aliyeieleza mwaka 1937. Nilikumbuka maneno yake mwaka 2011, madaktari wa Bugando, Mwanza, walipochapisha taarifa ya wagonjwa wao 84 waliotobokwa na vidonda. Wengi hawakuwa wamewahi kutibiwa vidonda kabla ya siku ile. Miaka kumi ya Baba wao waliipata kwa usiku mmoja.

Nilikwenda Morogoro Aprili 2010. Baba alikuwa na miaka 69, ameacha cherehani kwa sababu ya macho. Baada ya chakula cha jioni nilimweleza yote, kuanzia mdudu hadi kikombe cha Marshall. Alisikiliza akiwa ameweka kiganja juu ya tumbo, pale pale.

"Kwa hiyo hayakuwa mawazo," alisema.

"Mawazo huongeza maumivu, Baba. Lakini kwa mgonjwa wa aina yako, chanzo karibu kila mara ni huyo mdudu."

"Na maziwa?"

"Maziwa hayakusaidia kitu."

Alitikisa kichwa. "Miaka ile yote, mama. Na wala siyapendi."

Tulicheka, na ndipo nilipogundua kwamba Mama hacheki. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anachambua mchele kwa mwanga wa taa ya nje. Mikono ilikuwa imesimama.

"Na pilipili?" aliuliza.

"Pilipili haileti vidonda, Mama. Inaweza kumuunguza mwenye kidonda tayari, basi. Haikumletea."

"Hebu rudia."

Nikarudia. Baba akainama kutazama miguu yake. Sikumbuki kama aliwahi kumtetea Mama kwa dada yake. Labda alikuwa mgonjwa mno, labda naye aliamini. Miaka 27 ilipita mle ndani bila mtu kuuliza mche ule ulikwenda wapi.

Mama alipeta ungo mara moja, pumba zikaruka.

"Wifi yangu alifariki mwaka 2002," alisema. "Sasa nitamwambia nani?"

Kisha akarudi kwenye mchele wake, akiutazama punje kwa punje.